Acha Saa Mbili

Jumatatu, 4 Septemba

Mabonge tena. Mvua ya kwanza ya msimu imepiga bati la maabara tangu saa nane mchana, na mimi nimesimama mbele ya mashine nikitazama tope jeupe chini ya kijichupa, kana kwamba likiniona nimekasirika litaona haya liyeyuke.

Naandika haya kwa Kiswahili kwa sababu mchana kutwa naandika Kiingereza, na hasira yangu haijui Kiingereza.

Kazi yetu si ngumu kueleza. Tumechukua jeni moja ya kidudu cha nagana, ule ugonjwa unaoletwa na mbung'o na kuwamaliza ng'ombe wa huku Tororo, tukaipandikiza ndani ya bakteria wasio na madhara. Bakteria wanakua kwenye chupa ya supu yao, tunawatikisa ili wapate hewa, na wakishakuwa wengi hata supu ikawa na ukungu, tunawatilia sukari fulani inayowaamsha. Hapo wanaanza kututengenezea protini ya kile kidudu. Protini hiyo ikiwa imeyeyuka vizuri majini, itapakwa kwenye kikaratasi kama kile cha kupimia malaria: tone la damu ya ng'ombe, ungoje kidogo, mstari wa pili ukitokea ujue ng'ombe ameambukizwa. Ila bakteria wetu wana pupa. Wanaitengeneza haraka mno, inajikunja vibaya, inashikana na wenzake, inazama. Mabonge hayapimi kitu.

Leo Dokta Harriet Aboth, mkuu wetu, alituita akasema bila kuzunguka: chuo kikifungwa Desemba na hatuna kipimo kinachofanya kazi, chumba hiki kinageuzwa darasa la kompyuta. Yeye atarudi kufundisha. Mimi nitavuka mpaka kurudi kwetu Busia, upande wa Kenya, nikauze vitenge na Mama. Sina ubaya na vitenge. Lakini sikukesha na vitabu miaka yote ile kwa ajili ya vitenge.

Jumatano, 6 Septemba

Nimepewa mwenzangu wa kazi. Jonan Ofumbi, fundi wa maabara, Mudama wa kijiji cha Molo, mtu mrefu mwenye sauti ndogo. Anaosha chupa moja kama mtu anayemwogesha mtoto mchanga. Nikimuuliza jambo, kwanza anatazama dirishani, halafu ananitazama mimi, halafu ndipo anajibu.

Leo alisema tungoje "masaa mbili". Baba yangu alikuwa mwalimu wa Kiswahili, na kuna maneno yanayonikereketa kooni hadi leo.

"Bwana Ofumbi, hakuna masaa," nikamwambia. "Ni saa. Saa moja, saa mbili, hata saa mia."

Akatazama dirishani. "Sawa, nyabo. Masaa hapana." Nyabo ndivyo huku wanavyomwita bibi wa heshima.

Ijumaa, 15 Septemba

Mabonge.

Jumanne, 26 Septemba

Vitabu vyote vinasema jambo moja: wapoze. Bakteria wakihisi baridi wanapunguza mbio, na protini inapata nafasi ya kujikunja inavyopaswa. Sawa. Lakini mashine yetu ya kutikisa inajua kupasha tu, kupoza haijui. Ile inayojua yote mawili tuliiomba mwaka juzi, na bado tunaiomba.

Kwa hiyo leo nikawa mjanja. Nilikwenda sokoni kwa wauza samaki, nikarudi na ndoo ya barafu, tukaizungushia chupa. Ofumbi aliniangalia nikihangaika. Baada ya muda mfupi barafu ilikuwa maji, chupa ilikuwa vuguvugu, na chumba kizima kilinuka sato. Dokta alipopita aliuliza kama tunapika protini au mchuzi. Tulipata mabonge, bila shaka.

Tukiwa tunapiga deki, Ofumbi alifungua mdomo bila kuulizwa. Akaniambia baba yake, mzee Ochwo, ana ng'ombe wawili wa plau. Mmoja mnene, anaitwa Sajini. Mwingine mwembamba, mbavu nje, anaitwa Karani. Mwaka jana walikuwa wanne.

"Wawili walikufa na nagana," akasema. "Sasa mzee anasema Karani naye iko nayo. Anachomwa sindano, hakuna kitu. Krismasi atamuuza kwa bucha."

"Mmempima?"

"Kwa kipimo gani, nyabo? Kwa macho?"

Kipimo hicho ndicho tunachokitafuta humu ndani.

Jumatatu, 9 Oktoba

Uhuru wa Uganda. Chuo kimefungwa. Nimefua, mvua imefua tena.

Jumatano, 11 Oktoba

Naandika nikiwa Busia. Jirani alipiga simu alasiri kwamba Mama ameteleza kwenye tope sokoni na mguu umevimba. Niliacha kila kitu. Nikiwa mlangoni, begi begani, nilimwambia Ofumbi: "Supu ikishakuwa na ukungu wa kutosha, tia sukari, acha saa mbili, kisha toa uweke kwenye friji." Akasema sawa.

Mguu haujavunjika. Mama anauliza nimekuja kufanya nini katikati ya wiki.

Alhamisi, 12 Oktoba

Hii itabidi niiandike polepole.

Nilifika Tororo asubuhi. Mvua ya usiku ilikuwa imeangusha nguzo mahali fulani na mji mzima haukuwa na umeme. Naingia maabara, namkuta Ofumbi ndiyo kwanza anaitoa chupa kubwa kwenye mashine. Ile ile niliyomwachia jana.

"Hiyo inafanya nini hapo?" nikauliza.

"Natoa, nyabo. Ni saa mbili na nusu, nimechelewa kidogo. Nilikuwa nafagia maji."

"Nilikwambia uache saa mbili."

"Ndiyo." Akaelekeza kidole kwenye saa ya ukutani. "Ukungu ulikuja saa tatu ya usiku. Nikatia sukari. Saa mbili ya usiku ilikuwa imepita. Sasa mimi nangoja ya asubuhi."

Chupa nzima, mbegu ya bakteria tuliyoilea wiki nzima, imetikiswa usiku kucha kama mtoto aliyesahauliwa kwenye bembea.

"Masaa, Ofumbi," nikasema. "Nilitaka masaa mawili. Masaa."

Hakutazama dirishani safari hii. Alinitazama mimi moja kwa moja, kwa upole kabisa. "Lakini wewe ulisema masaa hapana. Sasa mimi nikajua saa ni ile ya ukuta tu."

Nyuma yangu kuna mtu alicheka. Ni Dokta Aboth, aliyekuwa amesimama mlangoni na mwavuli wake sijui tangu lini. Alicheka hadi akatafuta kiti. Mimi sikucheka. Nilichukua chupa niende nayo kwenye sinki, nimwagie dawa ya kuua, tuanze upya. Ofumbi akaweka kiganja chake juu ya mdomo wa chupa.

"Imefanya kazi usiku mzima," akasema. "Tuiangalie kwanza. Kumwaga haichelewi."

Hapo ndipo niliposikia mkononi. Chupa ilikuwa baridi.

Mashine ya kutikisa ina nyaya mbili. Mota inaungwa kwenye betri ya sola ili isisimame umeme ukikatika. Kipasha joto kinakula umeme mwingi, kwa hiyo hakiko kwenye betri. Umeme ulikatika, anasema Ofumbi, muda mfupi tu baada ya yeye kutia sukari. Maana yake bakteria wetu walitikiswa usiku kucha bila joto, dirisha likiwa wazi, mvua ikinyesha nje, katika baridi ile ya Tororo inayomfanya mtu avute blanketi mpaka puani.

Tulingoja umeme hadi saa saba mchana. Tukawapasua bakteria, tukawazungusha kwa mashine ili mabonge yazame. Kwa kawaida chini kunakuwa na bonge jeupe la kuudhi. Leo kulikuwa na kidogo tu, kama unga uliobaki kwenye kinu. Nikasema moyoni: basi hawakutengeneza chochote. Tukapitisha kwenye jeli, pale ambapo kila protini hutembea na kusimama kulingana na uzito wake, tukaipaka rangi.

Mstari wa bluu, mahali pa protini yetu hasa, ulikuwa upande wa maji. Upande wa mabonge ulikuwa hafifu. Niliigeuza jeli, nikaigeuza tena, nikidhani tumekosea lebo. Ofumbi alikuwa amezisoma lebo kabla yangu.

"Hii maji iko na kitu," akasema.

Nililia. Naandika wazi kwa sababu hakuna wa kunisoma. Nililia mbele ya Dokta na mbele ya mtu niliyetaka kumtafuna asubuhi.

Ijumaa, 13 Oktoba

Bahati ya mara moja haijengi nyumba. Leo jioni tunarudia, safari hii kwa kukusudia: joto limezimwa, dirisha wazi. Ofumbi kaniomba niseme tena muda. Nikamwambia: mpaka saa mbili ya asubuhi, ya ukutani. Kaandika kwenye kiganja.

Ijumaa, 20 Oktoba

Kwetu Kenya ni Sikukuu ya Mashujaa, huku ni siku ya kazi. Tumerudia mara mbili na mara zote protini imekuja majini. Dokta anasema tusiseme kwa mtu bado. Ni kidogo, lakini ni yetu. Sasa tunatafuta kuiongeza ifike kiasi ambacho watu wa Kampala wanaotengeneza vikaratasi watakikubali.

Nimeanza kumwita Jonan. Yeye bado ananiita nyabo.

Jumanne, 31 Oktoba

Tumeanguka. Ili kupata protini nyingi nilitaka chupa nne kwa mpigo, na sukari maradufu. Jonan alisema tuanze na moja. Nikasema muda unatukimbia. Jana usiku umeme ulikuwa umekatika tulipoondoka, tukaona vyema, tena heri. Ukarudi katikati ya usiku, na kitufe cha joto hakikuwa kimezimwa, kwa sababu kila mmoja wetu alidhani giza limeshakizima. Asubuhi chupa zote nne zilikuwa za moto kama uji. Nilizungusha moja tu. Nyingine sikuwa na haja.

Mbegu tuliyobakiza haizidi majaribio mawili. Kutengeneza nyingine tangu mwanzo kutachukua mpaka chuo kifungwe.

Nilingoja Jonan aseme "nilikwambia". Yeye aliosha zile chupa nne, moja moja, halafu akachukua kamba ya mgomba akaufunga waya wa kipasha joto mbali kabisa na soketi. Alipomaliza aliniambia mzee ameshaongea na mtu wa bucha. Karani anachukuliwa wiki ya Krismasi.

Jumamosi, 4 Novemba

Busia. Mama anatembea vizuri sasa, na ulimi haukuvimba hata kidogo. Asubuhi niliingia jikoni nipike uji wa wimbi, mawazo yangu yako Tororo. Nikamwaga unga kwenye maji yanayochemka. Mama akainua mwiko, akautazama ukidondosha vidonge.

"Hivi mimi nilizaa mtoto au nilizaa moto?" akasema. "Tangu utotoni, wewe ni kumwaga unga wote mara moja. Uji wako ni wa kutafuna. Nani anakufukuza, Annet?"

"Desemba, Mama."

"Desemba itafika hata ukikaa. Kwanza unga kwenye maji baridi. Halafu unamimina kidogo kidogo, mkono haukomi kukoroga. Mara ngapi?"

Nilisimama na sufuria mkononi. Baridi tulikuwa nayo. Kukoroga tulikuwa nako. Lakini sukari ya kuwaamsha nilikuwa naimwaga yote mara moja, na juzi nikaimwaga maradufu, kwa sababu mimi ndivyo nilivyo. Na vitabu vilisema, ukurasa ule ule wa baridi, nami niliuruka mstari huo: punguza kichocheo. Nilisoma nusu nikakimbia.

Nilimbusu Mama kwenye kipaji. Akauliza kama nimelewa asubuhi yote hii. Uji tuliutafuna.

Jumatano, 8 Novemba

Chupa moja tu. Sukari sehemu ya kumi ya ile ya zamani. Joto limefungwa kwa kamba ya mgomba. Dirisha wazi, mvua ya kutosha. Jonan ndiye aliyetia sukari, kwa matone, mimi nimeikalia mikono yangu ili isimsaidie.

Alhamisi, 9 Novemba

Nimefika kabla ya saa mbili nikamkuta kafika kabla yangu. Hatukusalimiana vizuri. Tulipozungusha, chini hakukuwa na chochote cha kuitwa bonge. Upande wa maji ule mstari ni mnene, wa bluu iliyokolea, mara tatu ya ule wa Oktoba. Dokta ameutazama, halafu akavua miwani akaipangusa ingawa haikuwa na kitu.

"Mwenda pole hajikwai," akasema, akinitazama mimi.

"Nimesikia, Dokta."

"Sijui. Rudieni na hiyo chupa ya mwisho, halafu tupeleke Kampala."

Jumanne, 14 Novemba

Vijichupa vimekwenda, ndani ya boksi la barafu, barafu safi isiyonuka samaki. Jonan aliusindikiza ule mzigo mpaka kwenye basi, akasimama pale hadi basi likapotea kwenye kona.

Ijumaa, 17 Novemba

Mvua.

Jumanne, 21 Novemba

Mvua. Kampala kimya. Watu wawili wamekuja na futi kamba kupima chumba chetu, wakahesabu soketi. Jonan aliwapa viti wakae, kisha akaendelea kuosha chupa. Mimi nilitoka nje nisije nikasema neno.

Jumanne, 5 Desemba

Vimefika. Vikaratasi hamsini kwenye mfuko mweupe, vyepesi hata huwezi kuamini vilitusumbua hivi. Tumevijaribu kwa damu tuliyohifadhi, ya ng'ombe wanaojulikana kuwa wagonjwa na wanaojulikana kuwa wazima. Vinasema kweli. Dokta anasema damu ya friji haitoshi kwa wakubwa, wanataka kuona ng'ombe amesimama. Jonan akasema anamjua ng'ombe aliyesimama, ingawa kwa shida.

Jumamosi, 9 Desemba

Molo. Mvua imetuachia siku moja ya jua, matope yamegeuka magamba. Tulikwenda wanne: Dokta, Jonan, mimi, na Sandra, daktari wa mifugo, ambaye alikuja na hadubini yake kwenye begi la shule.

Mzee Ochwo alitupokea uani. Ni mrefu kama mwanawe, na kumbe ile tabia ya kutazama mbali kabla ya kujibu Jonan ameirithi hapa. Karani alikuwa amefungwa kando, mbavu zake unaweza kuzihesabu ukiwa barabarani. Sajini alikuwa anakula, anang'aa, hana habari na mtu.

Sandra akatoa damu kidogo sikioni mwa kila mmoja. Nikaweka tone la Karani kwenye kikaratasi, tone la Sajini kwenye kingine, nikavipanga juu ya ubao wa plau.

"Inangojewa kiasi gani, mwanangu?" mzee akaniuliza.

Nilifungua mdomo, nikakumbuka, nikaufunga. Jonan alikuwa tayari ananiangalia, na kwa mara ya kwanza nikamwona anazuia kicheko.

"Robo saa, mzee," nikasema. "Si ya ukutani. Ni ya kungoja."

Mstari wa kwanza ukatokea kwa wote wawili, ule unaosema tu kwamba kipimo ni kizima. Tukangoja wa pili. Kuku walipita juu ya miguu yetu. Mzee alikuwa anamtazama Karani, si vikaratasi.

Cha Karani kilibaki na mstari mmoja. Cha Sajini kikaota wa pili, mwembamba kwanza, halafu mwekundu kabisa.

Nilidhani nimevibadilisha. Nilitaka kusema hivyo, lakini Jonan alikuwa ameandika majina kwa kalamu pembeni ya kila kimoja kabla hata sijaweka damu, kwa mwandiko wake ule wa mtu asiye na haraka. Sandra akainamia hadubini pale pale juu ya kinu kilichopinduliwa. Halafu akamwita mzee aje aone mwenyewe.

Kwenye damu ya Sajini, katikati ya chembe, vidudu vilikuwa vinapiga mikia kama viluwiluwi kwenye dimbwi. Kwenye ya Karani hakukuwa na kitu.

"Huyu mnene ndiye mgonjwa, mzee," Sandra akasema. "Bado mapema, dawa itamponya. Huyu mwembamba hana nagana. Nahisi ni minyoo, na zile sindano ambazo si zake."

Mzee Ochwo alitazama mbali kwa muda mrefu. Kisha akaenda akaishika shingo ya Karani, akasimama naye tu. Aliongea naye Kidama, lugha ya kwao, kwa sauti ya chini, maneno machache.

"Anasema nini?" nikamnong'oneza Jonan.

"Anamwomba radhi. Anasema alikuwa anauza mzima na kulisha mgonjwa."

Dokta Aboth alijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Baadaye mzee akatuita kwenye chungu cha kongo, pombe ya wimbi, tukapewa mirija mirefu, na mimi ambaye sinywi nikavuta mara moja kwa heshima. Iliniingia vizuri. Jonan akasema kongo nzuri haipikwi na mtu mwenye mbio. Nikamwambia sasa hiyo nimeisikia kwa mama yangu, kwa Dokta, na kwa chungu, inatosha.

Alhamisi, 14 Desemba

Kesho chuo kinafungwa. Wakubwa wamekikubali kipimo, na wale watu wa futi kamba wamepewa chumba kile cha karibu na jiko. Sisi tunabaki, na mwezi wa pili tunaanza kupima ng'ombe wa Kisoko na Molo. Mama amesema vitenge vitajiuza.

Leo nimeandika hatua zote za kazi, kwa wale watakaokuja baada yetu, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Jonan alikaa kando yangu akisoma kila mstari, polepole, nami nikamwacha asome. Tulipofika hatua ya sita kalamu yangu ilisimama. Nikamfikiria marehemu baba yangu. Halafu nikaandika: Tia sukari kidogo kidogo. Funga joto. Fungua dirisha. Acha itikisike masaa kumi na moja.

Jonan akaweka kidole juu ya neno lile. "Nyabo, masaa hapana."

"Masaa ndiyo," nikamwambia, nikapiga muhuri.